Shajara ya mradi: balansi ya Waltham ya mfukoni, kutoka ncha iliyokatika mpaka kupiga tena

Kabla ya kufungua

Wadau, huu mradi nauandika kadiri unavyokwenda kwa hiyo msishangae sehemu nyingine ndefu na nyingine mistari miwili tu. Saa ni Waltham ya mfukoni, ya Marekani, saizi 16, na kazi yenyewe ni ya balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi kuhesabu muda. Mashine yake ya ndani ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa namba iliyochongwa kwenye bamba lake. Saizi 16 kwa hesabu ya Wamarekani ni bamba la kipenyo cha inchi 1.7, milimita 43 na kidogo, kwa aliyezoea kufungua saa za mkononi hapa kuna nafasi ya kupumua. Inapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mipigo 5 kila sekunde, mwendo wa kizee ukilinganisha na 28,800 za saa nyingi za funguo za sasa.

Ugonjwa wake: ukiijaza funguo na kuilaza uso chini inajikongoja, ukiigeuza uso juu sekunde chache tu kimya. Hapo tayari imeshasema mengi. Ikilala uso juu uzito wote wa balansi unakalia ncha ya ekseli ya upande wa daraja (kile kibamba cha nyuma kinachoishika balansi), ikilala uso chini unakalia ncha ya upande wa uso, kwa hiyo kabla hata sijashika bisibisi nilishajua naenda kutafuta nini na wapi.

Kilichoonekana chini ya lenzi

Kwanza nimelegeza springi kuu yote, hii haina mjadala, ukinyanyua balansi na paleti (ule uma unaoisukuma balansi) huku springi imejaa magurudumu yanafyatuka na meno yanaondoka. Kisha skrubu ya daraja, nikainua daraja na balansi ikaning'inia kwenye springi nywele yake, ule uzi mwembamba wa kuzunguka unaoirudisha, nikaigeuza taratibu na kuilaza kwenye karatasi nyeupe.

Ncha ya juu imekatika nusu, kilichobaki ni kisiki chenye ukingo mkali kama meno. Hilo nililitegemea. Saa za enzi hizi hazina kinga ya mshtuko, Incabloc na wenzake wamekuja miaka ya 1930, kwa hiyo saa ikidondoka mara moja tu ile ncha ndo inabeba balansi nzima na inakatika.

Ambacho sikukitegemea ni rimu. Hii balansi ni ya metali mbili, rimu imekatwa sehemu mbili kwa hiyo kila nusu imeshikwa upande mmoja tu na upande wa pili uko huru, sasa moja ya zile ncha huru imeinamishwa ndani, na ukiangalia vizuri kuna alama mbili za koleo ubavuni mwa rimu, kwenye shaba, alama za meno kabisa! Mtu alishika balansi na koleo lenye meno. Halafu kuna skrubu moja ya rimu ambayo siyo ndugu wa wenzake, kichwa chake kinene zaidi na mfereji wake umekatwa mpana. Fundi fulani aliyepita hapa kabla yangu alipoteza skrubu ya asili akaweka aliyoikuta droo. Saa ikawa haishiki majira, naye kwa jinsi inavyoonekana akahangaika na regileta, kirekebisha mwendo, maana mshale wake umesukumwa mpaka mwisho wa upande wa S (Slow, wa kuchelewesha).

Hii ndo tabia inayoniudhi kuliko zote kwenye saa za zamani. Regileta ni ya kumalizia dakika za mwisho, siyo ya kuficha balansi mbovu. Balansi ikiwa na upande mzito, saa itakwenda mbele ukiisimamisha hivi na kurudi nyuma ukiisimamisha vile, na hakuna mahali pa kuweka mshale pakatibu yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini sibadilishi balansi nzima

Kila nikionyesha hii mashine naambiwa tafuta mashine mbovu ya aina hiyohiyo, chomoa balansi yake, weka, maliza. Inawezekana, na kwa saa nyingine ningefanya hivyo bila kulala macho wazi. Lakini balansi na springi nywele zilipimwa pamoja kiwandani, springi ile ikakatwa urefu ule kwa ajili ya gurudumu lile, na hapa nimeona chini ya mkono wa balansi kuna tarakimu zimekwaruzwa kwa sindano, ndogo kabisa, zinafanana na tarakimu za mwisho za namba ya mashine. Yaani hili gurudumu halijawahi kuhama. Nikileta balansi ya mgeni na springi yake ni sawa nitapata saa inayokwenda, ila nitakuwa nimetupa kitu kizima kwa sababu ya kipande cha chuma kisichofika nusu sentimita. Ekseli ndo imevunjika, basi ekseli ndo itabadilishwa.

Na hizi rimu za metali mbili zina heshima yake. Ndani ni feleji, nje ni shaba ya njano, zimeunganishwa kwa moto zikawa kitu kimoja, mbinu iliyofikishwa mbali na Thomas Earnshaw kule Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Sababu yake ni springi. Springi nywele ya feleji ikipata joto inalegea, na balansi ya kawaida ya shaba yenye springi ya hivyo inachelewa zaidi ya sekunde 10 kwa siku kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, hebu fikiria tofauti ya asubuhi na mchana tu. Sasa shaba inatanuka kuliko feleji, na kwa kuwa shaba iko nje, joto likipanda ile ncha huru ya rimu inajikunja kuelekea ndani, uzito unasogea karibu na katikati, balansi inakuwa nyepesi kuzungusha, na kile ambacho springi imepoteza kinarudishwa. Baadaye Charles Édouard Guillaume alipochunguza michanganyiko ya chuma na nikeli, akapata Invar mwaka 1896 na hatimaye Nobel ya fizikia mwaka 1920, njia ikafunguka kwa springi ambazo joto haliziyumbishi sana, na rimu za kukatwa zikaanza kupotea. Ila hii yangu ni ya kabla ya springi hizo, ikiinamishwa vibaya siyo umbo tu linaloharibika, hata ule ujuzi wake wa joto unavurugika.

Kuvua springi na rola

Picha kwanza. Picha nyingi. Nimechora pia kwa mkono kishikizo cha springi kinaangalia wapi ukilinganisha na mkono wa balansi, maana kikirudi pengine mpigo unakwenda kilema. Springi ina mkunjo wa juu, ule uliobuniwa na Breguet mwaka 1795, mzunguko wa mwisho umeinuliwa na kurudishwa katikati, kwa hiyo usiiguse kabisa zaidi ya pale penye koleti, ile pete ndogo inayoishika springi kwenye ekseli. Vijiti viwili bapa chini ya koleti, kimoja kila upande, unakandamiza kwa pamoja na inapanda yenyewe. Springi imeingia kwenye kisanduku chenye kifuniko na imekaa mbali na meza.

Rola, kile kisahani cha chini ya ekseli kinachosukumwa na paleti, imetoka kwa kifaa chake. Tahadhari moja kwa wanaoanza: lile jiwe dogo la rola limeshikwa na shelaki, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Kusafisha rola au paleti kwa kuziloweka kwenye spiriti ni kujitafutia kazi nyingine, mimi natumia nafta na brashi.

Kutoa ekseli ya zamani

Hapa nimekaa muda mrefu nikiangalia kuliko kufanya. Baadhi ya Waltham zina ekseli ya kusukumwa tu, inaingia kwa kubana kwenye kitovu chenye rangi ya bluu, hizo huzikerezi, unasukuma inatoka na unasukuma nyingine inaingia. Ukikata kile kitovu cha bluu umeharibu kitu ambacho hakikuwa na tatizo. Yangu kitovu ni cheupe, ni cha ekseli yenyewe, na juu ya mkono wa balansi ribiti, ukingo wa ekseli uliogongwa ukalala kuishika balansi, inaonekana wazi, basi hii ni ya kugongwa.

Mabishano ya mafundi yako hapa: ukate ribiti kwa juu au ukate kitovu kwa chini? Kuna na kundi la tatu linaloweka panchi na kugonga nyundo ekseli itoke na ribiti yake. Hilo la tatu sitaki hata kulisikia kwenye balansi ya metali mbili, ribiti imetanuka juu ya tundu na ukiilazimisha kupita inatanua tundu au inapinda mkono, na tundu likitanuka ekseli mpya haitakaa katikati maisha. Nimechagua kukata kitovu kutoka upande wa rola. Balansi kwenye mashine ya kukereza, imeshikwa kwa ekseli yake, kisu cha kabaidi kwa sababu hii feleji imetiwa matiko na kisu cha kawaida kinateleza tu, nikala kitovu kidogo kidogo mpaka kikabaki kama pete nyembamba, ile pete ikaachia yenyewe na kuanza kuzunguka peke yake juu ya kisu. Kisiki kikatoka kwa upande wa juu, ribiti ikiwa imeongoza njia, haikupita kwenye tundu hata kidogo. Tundu ni duara, kingo zake safi, mkono haujapinda.

Vipimo

Kipimo cha ekseli ya zamani unachukua kile kilichobaki kizima, urefu wote huwezi kwa sababu ncha moja haipo, kwa hiyo urefu nimeupata kwenye mashine yenyewe, kutoka jiwe la kifuniko la chini (lile ncha inaloligusa kwa mwisho wake) mpaka la juu daraja likiwa limefungwa bila balansi, ukatoa mchezo kidogo. Mchezo wa juu na chini nataka uwe kama mikroni 30, balansi inyanyuke kidogo ukiigusa na kibano lakini isiruke.

Mawe kwanza nimeyakagua, ncha ikikatika ndani ya jiwe mara nyingi jiwe nalo lina ufa. Unapitisha sindano laini kuzunguka tundu, ikikwama mahali ujue kuna ufa hata kama macho hayaoni. Haya yako salama. Matundu ni milimita 0.12, basi ncha zitakuwa 0.11. Unywele wa kichwa mara nyingi ni mikroni 70 hivi, kwa hiyo tunazungumzia kitu kinene kidogo tu kuliko unywele, na juu yake kinakaa gurudumu linalopiga mara 432,000 kwa siku.

Kukereza ekseli mpya

Nimetumia fimbo ya feleji ya bluu, hii imeshatiwa matiko na kupunguzwa ugumu kwa moto mpaka ikafika rangi ya bluu, karibu nyuzi 300 za sentigredi, kwa hiyo hakuna kuipika tena baada ya kukereza na hakuna hatari ya kupinda kwenye moto. Ni ngumu lakini inakatika kwa kisu cha kabaidi kilichonolewa vizuri. Kisu kikianza kutoa vumbi badala ya nyuzi ndefu za chuma, simama ukanoe, usikandamize.

Nimeanza upande wa juu: kiti cha balansi, hapo unapima, unakereza, unapima, mpaka mkono wa balansi unaingia kwa kubana kidogo bila kulazimishwa. Juu ya kiti nimechimba kamfereji kembamba kwa ndani ili kibaki kiganda cha chuma kinachosimama, hicho ndo kitakachokuwa ribiti. Kiganda kikiwa kinene hakitalala, utagonga weee mpaka mkono upinde, kikiwa chembamba sana kinapasuka. Juu yake kiti cha koleti, kina mteremko kidogo sana ili springi ipande kwa urahisi na kubana inapofika. Halafu ncha. Ncha ya balansi siyo msumari ulionyooka, inaanza nene na kushuka kwa mkunjo kama mdomo wa tarumbeta, na ule mkunjo ndo unaoipa nguvu, kona kali hapo ni mahali pa kukatikia. Nimeziacha 0.125 hivi, zilizobaki zinaondoka kwenye kung'arisha.

Kugeuza upande wa pili ndo mtihani, maana sasa kila kitu lazima kiwe kwenye mstari mmoja na upande wa kwanza. Kiti cha rola, ncha ya chini, urefu wote. Nimekwenda polepole na hakuna cha kusimulia, ni kupima tu.

Kung'arisha nimefanya kwenye kifaa cha Jacot, ekseli imelala kwenye mfereji wake na inazungushwa kwa upinde wa mkono, juu yake unapitisha bamba la chuma gumu lenye mafuta kidogo. Wengi wanadhani bamba linakata, linakata kidogo, kazi yake kubwa ni kukandamiza uso wa chuma mpaka unakuwa mgumu na laini kuliko ulivyokuwa. Unajua umefika pale mwanga unapokaa juu ya ncha kama mstari mmoja usiokatika toka kwenye mkunjo mpaka mwisho. Mikwaruzo ya kuzunguka ikionekana bado. Mwisho wa ncha nimeuacha bapa na kona zimelainishwa, nikajaribu kila ncha kwenye tundu lake, jiwe linashuka kwa uzito wake lenyewe na ekseli inaegemea kidogo pande zote. Hapo ndo panapotakiwa.

Ribiti

Fupi. Ekseli kwenye kizimba cha kugongea, balansi imekaa kwenye kiti, panchi ya duara kwanza kukifungua kile kiganda, kisha panchi bapa kukilaza. Nyundo nyepesi, na kila baada ya pigo unageuza gurudumu kidogo, ukigonga sehemu moja tu balansi inalala upande. Rola imerudi baada ya hapo.

Kunyoosha rimu

Sasa kazi niliyokuwa naiogopa kuliko ya kukereza. Balansi kwenye kalipa, inazunguka kwenye ncha zake, pembeni kuna kijiti cha kipimo ambacho unakisogeza karibu na rimu mpaka ubaki mwanga mwembamba kati yao. Ukizungusha, mwanga ukipanuka na kusinyaa ndo makosa yako hayo.

Bapa kwanza, duara baadaye. Kupanda na kushuka kwa rimu kunaanzia kwenye mikono, na ukishaanza kurekebisha duara huku mikono haijalala sawa utakuwa unazunguka tu na makosa yanahama toka upande huu kwenda ule. Mkono mmoja ulikuwa umeinama kidogo, nimeurudisha kwa vidole, ndiyo, vidole, na siyo kibano.

Ile ncha huru iliyoinamishwa imeingia ndani karibu robo milimita. Shaba na feleji zikiwa pamoja zina ubishi, unasukuma inarudi, unasukuma zaidi kidogo inarudi tena, halafu ghafla inatii na kama ulikuwa na haraka umeshapita. Nimeanzia karibu na mkono, ambapo rimu imeshikwa, nikaja nikielekea kwenye ncha, kila hatua narudisha kwenye kalipa. Ukianzia kwenye ncha yenyewe unapata rimu yenye kiwiko.

Baada ya kunyooka nikaisogeza taa karibu na kalipa, balansi ikapata joto, na chini ya lenzi ule mwanga kati ya rimu na kijiti ukapanuka pole pole kwenye ncha huru zote mbili, nusu ya unywele hivi, zote kwa kiasi kimoja. Taa ikaondoka, zikarudi palepale. Zingerudi mahali tofauti ningejua kuna msongo umebaki ndani ya rimu na kesho asubuhi ningekuta imepinda tena.

Zile alama za koleo ubavuni nimeziacha. Kuzifuta ni kula shaba, na shaba ni uzito.

Uzito

Ile skrubu ngeni nimeitoa na kuiweka kwenye mizani pamoja na mwenzake wa upande wa pili, imezidi kwa miligramu 3 hivi. Skrubu za rimu zinakaa jozi jozi, kila moja na ya mkabala wake, na skrubu yenyewe nzima haifiki mbali na miligramu 10, kwa hiyo 3 ni mzigo. Skrubu sahihi nimeitoa kwenye balansi chakavu ya mashine ya aina hiyohiyo, ambayo rimu yake ilishakatika. Kichwa kimoja, mfereji mmoja, uzito karibu sawa.

Kisha kwenye kifaa cha kusawazisha, vile viwili, yaani makali mawili ya yakuti, vimelazwa sawasawa, ekseli inakaa juu yao kwa ncha zake. Rola iwe imeshavaliwa, springi isiwepo. Unapuliza kidogo balansi ibingirike, inaposimama upande mzito uko chini. Ikisimama popote bila kuchagua, umemaliza. Ya kwangu ilichagua lakini kwa uvivu, ilikuwa inayumba muda mrefu kabla ya kuamua. Nimekwangua kidogo kabisa chini ya kichwa cha skrubu iliyokuwa inashuka, kwa ndani ambako hakuonekani. Na hapa niseme wazi: zile skrubu ndefu zilizoko kwenye miisho ya mkono usiziguse kwa kazi hii, zile ni za mwendo wa saa, ukiingiza ndani saa inakwenda mbele na ukizitoa nje inachelewa, ukizichezea kusawazisha uzito unafungua kesi nyingine.

Kurudisha springi, na sauti ya kwanza

Mashine nzima wakati huo ilishasafishwa na kuwekwa springi kuu mpya, hilo silielezi, ni kazi ya kawaida. Springi nywele imepita kwenye kifaa cha kuondoa sumaku, springi yenye sumaku mizunguko yake inashikana na saa inakwenda mbele kwa kasi ya ajabu na unaanza kulaumu balansi. Koleti imerudi kufuata mchoro wangu. Mafuta, Moebius 9010, tone dogo kati ya jiwe la tundu na jiwe la kifuniko, ncha za paleti hazipewi mafuta kabisa.

Daraja limeshuka, kabla ya kukaza skrubu nikatikisa bamba kidogo nione balansi inaogelea huru, ndipo nikakaza. Ukikaza huku ncha haijaingia kwenye tundu, rudi ukaanze kukereza. Kujaza funguo kidogo tu, ikaondoka yenyewe bila kusukumwa.

Taimugrafa

Taimugrafa, kifaa kinachosikiliza mipigo na kupima mwendo wa saa, inahitaji uiambie pembe ya kuinua (nyuzi ambazo balansi inazunguka ikiwa inagusana na paleti), na ukiikosea namba ya mwendo inabaki sahihi lakini amplitudi, yaani nyuzi ambazo balansi inafika kila upande, inakuwa uongo. Badala ya kukisia nimetumia njia ya zamani: doa dogo la rangi kwenye mkono wa balansi, unajaza funguo kidogo kidogo mpaka balansi inazunguka nyuzi 180 kamili kila upande. Hapo lile doa linafika sehemu moja kutoka pande zote mbili na jicho linaliona kama limesimama. Sasa unabadilisha pembe kwenye taimugrafa mpaka nayo isome 180. Umepata pembe ya saa yako yenyewe.

Ikijaa: uso juu nyuzi 284, uso chini 281, kichwa cha kujazia juu 246. Tofauti ya nyuzi 3 kati ya kulala juu na kulala chini inanifurahisha kuliko hiyo 284 yenyewe, maana yake ncha zote mbili zina umbo moja na hakuna inayoburuza. Kosa la mpigo, tofauti kati ya tik na tak, lilianza milisekunde 1.9, nikanyanyua balansi na kuzungusha koleti kidogo kuelekea upande mmoja, ikawa 0.4. Naiacha hapo, kila ukigusa koleti unaihatarisha springi, na 0.4 haina inachokudai.

Usawa wa balansi ikiwa inapiga

Kilichonileta hapa ni hiki: kwenye vile vya yakuti balansi imesawazika, lakini pale haina springi wala koleti. Kwa hiyo unaipima tena ikiwa ndani ya saa, kwa amplitudi ndogo, nyuzi 150 hivi, funguo chache tu. Chini ya nyuzi 220 saa inakwenda mbele zaidi pale upande mzito unapokuwa chini, juu ya 220 inageuka kinyume, na penye 220 yenyewe uzito hauonekani. Ndo maana saa yenye balansi isiyosawa inaweza kukudanganya ikiwa imejaa, inatoa namba nzuri, halafu jioni ikishalegea inaanza vituko.

Kwa 150 nikapata, kwa sekunde za siku nzima, kichwa juu +41, kichwa chini -33, pembeni +6 na +2. Basi kichwa kikiwa juu, skrubu iliyoko chini kabisa balansi ikiwa imetulia ndo yenye uzito. Nikaitoa, vumbi kidogo tu chini ya kichwa chake, nikairudisha. Kichwa juu ikawa +12, kichwa chini -7. Ningeweza kuendelea lakini kila ukikwangua unapunguza uzito wa balansi nzima na saa inakimbia zaidi, na kwa saa ya mfukoni ambayo maisha yake mengi ni kichwa juu, hizo namba zinatosha.

Ikijaa kabisa sasa: uso juu +4, uso chini +5, kichwa juu -3, kichwa kushoto +9, kichwa kulia -6. Regileta imetoka kule mwisho wa S ilikosukumwa na imekaa mstari mmoja tu kutoka katikati, jambo linalothibitisha kwamba lile gurudumu halikuwa na ugomvi na springi yake hata siku moja, ni ile skrubu, ile rimu na ile ncha. Kichwa kushoto +9 najua inatoka kwenye mkunjo wa juu wa springi, kuna sehemu moja haiko katikati barabara, inaonekana ukiiangalia kwa juu springi ikipumua, upande mmoja unafunguka zaidi. Sitaigusa. Kilichobaki ni kurudisha uso, mikono ya saa na kioo, na kuiacha ikipiga kwenye kishikio kichwa juu, kisha niilinganishe na namba za taimugrafa baada ya springi kuu mpya kutulia.